Mlio, Ndizi na Bomu: Jinsi Ubongo Unavyojifunza kwa Tuzo

Asubuhi na mapema, kabla jua halijaanza kuchoma, panya buku hutolewa katika vizimba vyao na kupelekwa kwenye viwanja vya mazoezi vya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, mjini Morogoro. Panya hao si wale wadogo wa ghalani. Mmoja huweza kufikia uzito wa kilo moja na zaidi, na kila mmoja ana jina lake. Huvishwa mkanda kifuani, mkanda hufungwa kwenye kamba iliyotandazwa kati ya watu wawili, kisha panya huenda akinusa ardhi kutoka upande mmoja hadi upande wa pili. Akifika penye harufu ya baruti iliyofukiwa, husimama na kuparua udongo. Papo hapo mwalimu hubonyeza kidude kidogo kilicho mkononi mwake, hutoka mlio mkavu, "tak!", na panya huacha kila kitu akakimbia kupewa kipande cha ndizi au karanga.

Shirika linalowafunza panya hao huitwa APOPO. Lilianzishwa mwaka 1997 na Mbelgiji mmoja, Bart Weetjens, na tangu mwaka 2000 makao ya mafunzo yako Morogoro, kwa ushirikiano na chuo hicho pamoja na Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Askari wa nchi hizi hana haja ya kuelezwa bomu la kutegwa ardhini ni kitu gani. Aliyewahi kutembea nyuma ya mwenzake huku akikanyaga nyayo zake zile zile anajua. Panya ni mwepesi mno kuweza kulilipua. Aidha, kwa kuwa hunusa baruti yenyewe wala hashughuliki na chuma, hapotezi muda kwa misumari, vifuniko vya chupa na maganda ya risasi, vitu ambavyo humchosha sana mtu mwenye chombo cha kutambua chuma. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi, ambalo mtu huyo aweza kulimaliza kwa siku nne, panya hulimaliza kwa nusu saa hivi. Panya hao wamefanya kazi Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa imesafishwa mabomu, na pia Kambodia, ambako panya Magawa, mzaliwa wa Tanzania, aligundua mabomu na silaha nyingine zilizofukiwa zaidi ya mia moja kabla ya kustaafu mwaka 2021. Mwaka mmoja kabla ya hapo shirika la Uingereza la kuhudumia wanyama, PDSA, lilimtunukia nishani ya dhahabu, na hakuna panya aliyewahi kuipata kabla yake.

Msomaji makini atakuwa amekwisha kujiuliza swali. Ikiwa panya anachotaka ni ndizi, mlio ule ni wa nini? Kwa nini asipewe ndizi yake moja kwa moja? Wafunzaji wa wanyama walijua zamani, kwa mazoea ya kazi, kwamba bila ya mlio mafunzo huzorota. Sababu yake hasa imefahamika kidogo kidogo katika muda wa miaka sabini hivi, nayo imo ndani ya kichwa, cha panya na cha binadamu vile vile.

SELI CHACHE, KAZI KUBWA

Ubongo wa mtu mzima una seli za fahamu zipatazo bilioni 86. Seli hizo hupelekeana habari kwa umeme mdogo sana unaopita katika nyuzi zake, na habari inapofika mwisho wa uzi huvushwa hadi seli ya pili kwa njia ya kemikali. Kemikali hizo ni za namna nyingi, na mojawapo huitwa dopamini. Seli za ubongo wa kati zinazoitengeneza hazifiki hata milioni moja, na zimekusanyika mahali padogo, penye sehemu ya juu ya shina la ubongo. Kipande kimoja cha mkusanyiko huo kina weusi unaoonekana kwa macho bila ya darubini, na kwa sababu hiyo mabingwa wa zamani walikipa jina la Kilatini lenye maana ya kitu cheusi.

Uchache huo usimdanganye mtu. Uzi wa seli moja ya dopamini hujigawa matawi mengi mno, yakaenea katika eneo kubwa la ubongo. Mfano wake ni redio ya makao makuu: haizungumzi na mtu mmoja mmoja, bali hutoa neno moja likasikika katika vikosi vyote kwa wakati mmoja. Na kama ilivyo kwa redio, jambo la maana ni kujua neno hilo linasema nini. Hapo ndipo wataalamu walipotumia muda mrefu wakipapasa gizani.

Hadi katikati ya miaka ya 1950 wengi walidhani kwamba dopamini ni malighafi tu ya kutengenezea kemikali nyingine. Mwaka 1957 Arvid Carlsson na wenzake wa Uswidi waliwapa sungura dawa iitwayo reserpini, sungura wakalala masikio yamelegea, hawajongei. Walipodungwa L-dopa, kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa dopamini, waliinuka. Mwaka 1960, huko Vienna, Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz walipima ubongo wa watu waliofariki wakiwa na ugonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa ambao daktari wa London, James Parkinson, aliueleza mwaka 1817. Waliona kwamba dopamini imepungua mno, kwani seli za ile sehemu nyeusi zilikuwa zimekufa. L-dopa hutumika hata leo kuwatibu wagonjwa hao. Carlsson alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Basi dopamini ikachukuliwa kuwa kitu cha kuendesha viungo, na wala si kosa. Lakini habari nyingine ilikuwa imekwisha kuanza kutoka upande mwingine wa bahari ya Atlantiki.

WAYA ULIOKOSA SHABAHA

Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, Kanada, James Olds na Peter Milner walikuwa wakipachika nyaya nyembamba katika bongo za panya wakichunguza jambo jingine kabisa. Waya mmoja ulikosa shabaha. Panya aliyekuwa nao akaanza tabia ya ajabu: mahali pa meza alipopewa umeme kidogo, alirudi pale pale mara kwa mara, kama mtu aliyesahau ufunguo. Mabingwa hao wakampa wenzo ili ajibonyezee umeme mwenyewe. Katika taarifa yao ya mwaka 1954 walieleza panya waliobonyeza mamia ya mara kwa saa moja, na katika majaribio yaliyofuata idadi ilifika maelfu.

Magazeti yalishangilia kwamba kituo cha raha kimepatikana. Baadaye, ilipodhihirika kwamba dopamini imehusika kwa sehemu kubwa, ikapewa jina la kemikali ya raha. Jina hilo ni tamu kulitamka na limepotosha watu wengi, wasomi wakiwamo.

Ukweli wake ulijaribiwa katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, na Kent Berridge na Terry Robinson. Panya waliondolewa karibu dopamini yao yote. Panya wa namna hiyo hakifuati chakula hata kikiwekwa mbele yake. Asipolishwa hufa njaa kando ya sahani iliyojaa. Hata hivyo, akitiwa tone la sukari ulimini, hujilamba midomo kama panya mzima anavyofanya. Utamu bado anausikia. Kilichopotea ni ile nguvu ya kumsukuma aufuate. Kwa hiyo kufurahia kitu ni jambo moja, na kukitaka ni jambo la pili, na katika ubongo hupita njia mbalimbali. Mlevi anayekiri kwamba pombe haimpi tena raha, na bado anagonga mlango wa muuzaji alfajiri, hasemi uongo.

KIMA, TAA NA MAJI YA MATUNDA

Ikiwa basi dopamini si raha, ni nini? Jibu lilipatikana na mtu aliyekuwa akitafuta jambo jingine, kama ilivyokuwa Montreal. Katika miaka ya 1980 Mjerumani Wolfram Schultz, aliyekuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Fribourg, Uswisi, alitaka kuelewa ugonjwa wa Parkinson. Aliweka nyaya nyembamba mno kando ya seli za dopamini za kima, akawa anasikiliza seli moja moja kima anaponyoosha mkono. Alitarajia seli zifyatue umeme wakati wa kunyoosha mkono. Hazikufanya hivyo ila kwa nadra. Zilifyatua pale mkono ulipogusa kipande cha tufaha.

Schultz hakulitupa jambo hilo kapuni. Katika majaribio yaliyofuata, kima alidondoshewa tone la maji ya matunda mdomoni bila ya kutazamia, na seli zikafyatua kwa nguvu. Kisha ishara ikatangulizwa, mathalani taa: taa inawaka, na baada ya muda mfupi maji yanakuja. Mwanzoni seli zilifyatua maji yalipofika. Baada ya kima kuzoea, zilifyatua taa ilipowaka, na maji yenyewe yalipofika zilikaa kimya, ingawa yalikuwa matamu kama siku zote. Hatimaye taa iliwashwa na maji yakazuiwa. Seli, ambazo kwa kawaida hutoa ishara chache kila sekunde hata pasipo na jambo, zilinyamaza kabisa, na zilinyamaza wakati ule ule hasa ambao maji yangefika.

Hebu jambo hili litazamwe kwa mfano wa kambini. Mshahara ukilipwa tarehe yake na kiasi chake, mwenye nyumba huupokea, huugawa, na mkewe huenda sokoni, hakuna shangwe. Ikitokea posho ambayo hakuna aliyeitegemea, hata kama ni ndogo kuliko mshahara, siku hiyo husimuliwa mwezi mzima. Na mshahara ukichelewa, nyumba nzima huingia giza, ingawa jana yake pia hawakuwa na kitu mfukoni na walikuwa wakicheka. Seli za dopamini hazipimi ukubwa wa kilichopatikana. Hupima tofauti baina ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Kikizidi hupaza sauti, kikilingana hazisemi neno, kikipungua hunyamaza hata ule mnong'ono wao wa kawaida.

Ajabu ni kwamba hesabu ya jambo hilo ilikuwa imekwisha kuandikwa. Mwaka 1972 Robert Rescorla na Allan Wagner, Wamarekani waliochunguza mafunzo ya wanyama, walionyesha kwa kanuni fupi ya hesabu kwamba mnyama hujifunza kwa kadiri anavyoshangazwa. Pasipo na mshangao hapana somo. Katika miaka ya 1980 Richard Sutton na Andrew Barto waliiendeleza kanuni ya namna hiyo kwa ajili ya kuzifundisha mashine, na kazi yao ilituzwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2024. Mwaka 1997 Schultz, pamoja na Peter Dayan na Read Montague, walichapisha makala iliyoweka hesabu ile kando ya seli za kima: zilifanana. Schultz na Dayan, pamoja na Ray Dolan wa London, walipewa Tuzo ya Ubongo mwaka 2017.

Huenda mtu akasema kwamba hayo ni ya kima. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitoa taarifa ya wagonjwa wa Parkinson waliokuwa wakipasuliwa ili kupachikwa chombo cha matibabu. Upasuaji wa namna hiyo hufanywa mgonjwa akiwa macho, kwa hiyo waliombwa wacheze mchezo mdogo wa karata huku seli za sehemu nyeusi zikisikilizwa. Seli ziliitikia tofauti ushindi usiotarajiwa na hasara isiyotarajiwa. Yaliyotarajiwa hayakuzishughulisha.

KITU KINAKAAJE KICHWANI

Kufyatua ni jambo la nukta moja, ilhali mafunzo hudumu. Daraja baina ya mambo hayo mawili ni viungo vidogo ambako uzi wa seli moja hukutana na seli nyingine. Kiungo kilichokuwa kikifanya kazi muda mfupi kabla dopamini haijafika hupata nguvu zaidi, na kesho habari hupita hapo kwa wepesi. Ndivyo njia ya miguu inavyotokea nyikani, hakuna aliyeichimba.

Kumbukumbu za matukio, yaani nani alisema nini na wapi, hutegemea zaidi sehemu iitwayo hipokampasi, ambayo jina lake lilitokana na kufanana na farasi-bahari. Huko nako dopamini hufika. Mwaka 2006 Alison Adcock na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwaonyesha watu picha nyingi wakiwa ndani ya chombo cha kupigia picha ubongo. Kabla ya kila picha waliahidiwa dola 5 au senti 10 kama wangeikumbuka kesho yake. Picha za dola 5 zilikumbukwa zaidi, wala hilo halishangazi. Lililo kubwa ni hili: kwa picha zilizokuja kukumbukwa, sehemu zenye seli za dopamini zilikuwa zimekwisha kuamka kabla ya picha kuonekana. Ubongo ulikuwa umefungua mlango mgeni akiwa bado njiani.

Dopamini haiamshwi na fedha peke yake. Jambo geni huiamsha pia, na hapa wazazi na walimu wana la kutegea sikio. Huko Argentina, taarifa ya mwaka 2013 ilieleza wanafunzi wa shule za msingi waliosomewa hadithi fupi. Baadhi yao, saa moja kabla au saa moja baada ya hadithi, walipewa somo la sayansi au la muziki la namna ambayo hawajapata kuiona, lisilohusiana na hadithi hata kidogo. Kesho yake hao waliikumbuka hadithi kuliko wenzao. Somo lilipotolewa saa nne kabla au saa nne baadaye, faida haikuonekana. Wala haikuonekana lilipokuwa somo walilokwisha kulizoea. Ni haki kuongeza kwamba dopamini inayofika hipokampasi haitoki katika mkusanyiko ule wa ubongo wa kati pekee. Mwaka 2016 ilionyeshwa kwa panya kwamba kwenye mambo mageni nyingi hutoka katika kisehemu kingine cha shina la ubongo.

NYUMBANI

Mtu aweza kuyasoma hayo akanunua mfuko wa peremende, akidhani amepata dawa ya mtoto asiyependa kitabu. Asubiri kidogo.

Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake walitoa habari za watoto wa shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, wenye umri wa miaka mitatu hadi mitano, waliokuwa wakipenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe kama watachora. Kundi la pili halikuahidiwa kitu, ila lilipewa cheti kile kile kwa ghafula baada ya kazi. Kundi la tatu halikupewa chochote. Baada ya wiki moja au mbili kalamu ziliwekwa tena mezani bila ya ahadi yoyote. Watoto walioahidiwa walichora kwa muda mfupi zaidi kuliko wenzao wote. Waliotunzwa bila ya kutazamia hawakupoteza hamu.

Jaribio hilo halikupima dopamini, na lilifanywa miaka mingi kabla ya kazi ya Schultz kujulikana. Hata hivyo mzazi aliyekwisha kusoma habari za taa na maji ya matunda ataona kwamba mambo haya yanakaribiana. Tuzo iliyokwisha kuahidiwa kila siku, kwa kiasi kile kile, hugeuka kuwa mshahara. Haifundishi tena, na siku ikikosekana huleta ukimya ule wa seli. Baba aliyeahidi viatu akija likizo, kisha akaja mikono mitupu, hakurudi pale alipoanzia. Ameshuka chini yake. Afadhali asingeahidi.

Kuhusu adhabu, watu wa kambini wana imani kubwa nayo, na pengine kupita kiasi. Mwaka 2004 Michael Frank na wenzake walichunguza wagonjwa wa Parkinson waliofundishwa kuchagua alama kwa kuambiwa "sahihi" au "si sahihi". Wagonjwa wasipokuwa wamemeza dawa ya dopamini, walijifunza vizuri zaidi kukwepa alama mbaya; walipomeza dawa, walijifunza vizuri zaidi kuchagua alama njema. Kwa hiyo kukwepa na kutafuta ni mafunzo mawili, hata ndani ya kichwa kimoja. Mtoto aliyechapwa hujifunza barabara asilopaswa kufanya, hasa baba akiwapo. Lile la kufanya bado hajaambiwa.

MTEGO WA KAMARI

Wagonjwa hao hao walileta onyo jingine ambalo halikutazamiwa. Baadhi ya waliopewa dawa zinazoigiza dopamini, watu wazima wenye heshima ambao hawakuwahi kugusa kamari, walianza kucheza kamari hadi kuuza vitu vya nyumba. Dawa ilipopunguzwa, wengi wao waliacha. Leo madaktari hutakiwa kumwonya mgonjwa na jamaa zake juu ya hatari hiyo.

Mtu mzima asiyemeza dawa yoyote hujiletea hali inayokaribiana na hiyo kwa kucheza tu. Mwaka 2003 Schultz na wenzake walionyesha kwamba ishara inapoleta tuzo mara moja kati ya mara mbili, pasipo kujulikana ni lini, baadhi ya seli za dopamini za kima huzidisha ishara zake polepole katika muda wote wa kungoja, kuliko tuzo inapokuwa na hakika au isipokuwapo kabisa. Kungojea kwenyewe huwa kama tuzo. Miaka mingi kabla ya hapo, Mmarekani B. F. Skinner alikuwa ameonyesha kwamba njiwa anayelipwa bila ya mpango unaojulikana hudonoa bila kuchoka, na malipo yakikatwa huendelea muda mrefu kuliko yule aliyezoea kulipwa kila mara. Mwaka 2009, huko Cambridge, Luke Clark na wenzake waliona kwamba mchezaji anapokosa kwa kidogo tu, baadhi ya sehemu za ubongo zinazoitikia ushindi huamka, ingawa mfukoni fedha zimepungua.

Askari anayeingia katika kibanda cha kubahatisha matokeo ya mpira jioni ya siku ya mshahara, akatoka akisema "nimekosa timu moja tu", amepoteza, na sehemu moja ya ubongo wake imeandika karibu ushindi. Wenye vibanda hivyo hawakusoma habari za seli, lakini wanajua biashara yao. Kumhubiria mtu huyo kwamba hana akili hakusaidii. Mwenye busara humwachia mkewe fedha za chakula, ada na kodi kabla ya kufika kwenye kibanda, wakati seli bado zimetulia.

Pombe, sigara na kokeini hutumia mlango huo huo kwa nguvu zaidi. Ndizi ikizoeleka, seli huacha kuipigia kelele. Kemikali za kulevya huongeza dopamini zenyewe, hazingoji hesabu ya matarajio, na kila mara ubongo huambiwa kwamba kilichopatikana kimezidi kilichotarajiwa. Ndivyo wataalamu kadhaa wanavyoeleza kwa nini somo la ulevi haliishi kufundishwa.

TAK!

Sasa turudi kwenye swali la mlio. Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tokyo walitoa taarifa ya vipande vya ubongo wa panya vilivyowekwa chini ya darubini, ambako waliweza kuiamsha dopamini kwa wakati wanaoutaka. Kiungo kilichoamshwa kilinenepa na kupata nguvu iwapo dopamini ilifika baada ya sehemu ya tatu ya sekunde hivi hadi sekunde mbili. Ikitangulia, haikufaa kitu. Ikichelewa sekunde tano, haikufaa kitu.

Panya wa Morogoro yuko mita kadhaa kutoka kwa mwalimu wake. Kutoka aliponusa baruti hadi aipate ndizi, sekunde mbili zimekwisha kupita, na jambo la mwisho alilolifanya ni kukimbia. Kama ndizi peke yake ndiyo ingemfundisha, angefundishwa kukimbia. Kwa hiyo somo lake la kwanza, kabla hata hajanusishwa baruti, ni mlio na chakula, mlio na chakula, siku baada ya siku, hadi mlio unapokuwa kwake kama taa ya kima yule wa Fribourg. Tangu hapo mwalimu anaweza kuirusha tuzo kwa sauti, ikamfika akiwa bado amesimama juu ya harufu, pua ardhini. Ndizi huja baadaye kuutimiza mlio, ili usije ukageuka kuwa ahadi ya uongo.

Ndiyo sababu pia mwalimu hufundishwa kuuogopa mkono wake mwenyewe. Akibonyeza mahali pasipo na baruti amefundisha kosa, na kosa hilo litagunduliwa na mguu wa mtu. Panya wengine wa shirika hilo hilo hunusa makohozi kutafuta kifua kikuu, nao hupimwa kwa namna hii: kati ya sampuli zilizopangwa mbele yao, zimo ambazo hospitali imekwisha kuthibitisha kuwa na ugonjwa, na nyingine hazijulikani bado. Panya akisimama juu ya sampuli iliyothibitishwa, husikia mlio na kupewa chakula. Akisimama juu ya ile isiyojulikana, hata kama amesimama kwa uhakika kabisa, mkono wa mwalimu haujongei. Sampuli huandikwa namba na kupelekwa maabara, na panya huachwa asonge mbele kwenye tundu linalofuata.